Picha ya Posa

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo, hata Nazmin akaipita kwanza bila kuiona. Picha aliyompiga binti yake asubuhi ile kwenye daraja la mji wa Ba, huko Fiji, ilikuwa safi: mto umejaa, reli ya miwa imeota kutu, vilima vimekaa nyuma, na Aliza amesimama pale pale ambapo babu yake Nazmin, mpiga picha Tawahir, alikuwa akiwasimamisha watu wake enzi za mkoloni. Aliza alikuwa amekata nywele mpaka masikioni. Lakini kwenye ukuta wa daraja kivuli chake kilikuwa na msuko mrefu, umeshuka begani hadi kiunoni.

"Semi, njoo uone hapa."

Semi, dereva waliyemkodi Lautoka, alikuwa Mfiji mzito wa mwili na mwepesi wa maneno. Aliinamia kioo cha kamera, akakunja uso.

"Mkanda wa kamera huo, madamu."

"Mkanda ninao shingoni."

"Basi binti yako kavaa kivuli cha mtu. Mrudishieni mwenyewe twende zetu." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Lakini mzizi wa kava, ule wa kuombea ruhusa, mmewapelekea wenye ardhi ya hapa?"

"Semi, hili ni daraja la serikali."

"Kila kitu kina mwenyewe, madamu. Hata mimi nina mwenyewe, yuko nyumbani anasubiri mkate."

Aliza alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. Nazmin akaifuta picha ile, akapiga nyingine jua likiwa limejificha nyuma ya wingu, na safari ikaendelea.

Mama yake Nazmin, Hafizan, alikuwa amezikwa Sydney mwishoni mwa mvua. Katika sanduku lake zilikutwa picha za Tawahir, ambaye kwa miaka mingi alizunguka mashamba ya miwa kutoka Lautoka hadi Rakiraki, kamera imefungwa nyuma ya baiskeli, akipiga picha za harusi, za watoto, za maiti, za ng'ombe walioshinda maonyesho. Nazmin alitaka kutengeneza kitabu: picha ya babu upande mmoja, na upande wa pili picha yake mwenyewe, mahali pale pale. Alijua nchi imebadilika. Mikataba ya ardhi ilipokwisha, wakulima wa Kihindi, watu wa kwao, walibomoa nyumba zao, wakapakia mabati kwenye malori, wakaondoka. Palipokuwa na miwa pameota majani marefu kuliko mtu. Hata hivyo aliona kwamba njia hii ndiyo iliyobaki ya kukaa na mama yake kidogo zaidi.

Picha moja hakuikuta sandukuni. Hiyo aliitoa ukutani sebuleni, ikiwa kwenye fremu. Ilimwonyesha msichana aliyeketi kwenye ngazi za mawe, mtandio wake una nyota ndogo pembezoni, msuko ameuleta mbele, kidevu kimegeuka kidogo, na tabasamu limeanza lakini halijafika. Hafizan alikuwa akisema, "Huyo mimi, kabla ya mafuta." Shavu lake la kushoto lilikuwa limekunjamana lote kwa mafuta ya moto yaliyomrukia jikoni, mara tu baada ya kuolewa, kama alivyosimulia.

Ilikuwa picha ya posa. Katika mashamba yale, msichana akiposwa alipigwa picha moja, nayo ikasafiri kwenda kwa watu wa mume kabla yake. Posa ikivunjika, picha hurudi kwao. Ikikubaliwa, bwana harusi huirudisha kwa mkono wake siku ya ndoa, akamkabidhi mama mkwe, maana sura ya msichana haikuachwa ikae kwa watu. Nazmin aliifahamu desturi hiyo tangu utotoni. Hakuwahi kujiuliza kwa nini picha ya mama yake ilibaki kwa Hafizan mwenyewe, isirudi kwa wazazi wake.

Dukani Ba walipata mtandio wenye nyota, karibu sawa kabisa na ule wa zamani. Aliza aliuvaa papo hapo, akajitazama kwenye kioo.

"Bibi alikuwa mzuri kuliko wewe, Mama. Usikasirike."

"Sikasiriki. Wewe ndiye uliyemchukua."

Mzee mwenye duka, aliyekuwa akifunga mzigo, aliinua macho na kuyaacha usoni kwa Aliza muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Binti wa nani huyu?" aliuliza. "Namjua." Alipoambiwa kwamba msichana amezaliwa Sydney na hajapata kukanyaga hapa, alitikisa kichwa, akarudi kwenye kamba yake, akafunga fundo lile lile mara mbili.

Harufu ilianza walipoipita Tavua. Ilikuwa harufu ya miwa iliyochomwa kabla ya kuvunwa: tamu, chungu, inanata kooni. Nazmin alishusha kioo cha gari.

"Wanachoma wapi?"

"Wachome nini?" alisema Semi. "Hapa miwa iliondoka na nyinyi. Tunachoma mihogo tu." Lakini naye alikuwa akinusa, na kwa mara ya kwanza tangu Lautoka alizima redio mwenyewe.

Walizikuta zile ngazi za picha ya posa, kwa kuulizia njiani, kwenye kitongoji kilichoitwa Navakura, juu ya mteremko. Nyumba haikuwapo. Zilibaki ngazi za mawe peke yake, zinapanda, zinaishia hewani. Jua lilikuwa utosini. Nazmin aliiegemeza fremu kwenye jiwe, akarudi nyuma mpaka vilima vikalingana na vile vya kwenye picha.

"Kaa ngazi ya pili. Mguu wa kulia mbele. Sasa kidevu—"

Aliza alikuwa ameshakigeuza. Mkono wake ulipita kifuani kuuweka sawa msuko ambao hakuwa nao. Nazmin alitazama kupitia lenzi, akaliona lile tabasamu lililoanza lisifike, na kabla hajajua kama anachosikia ni furaha au ni kitu kingine, kidole kilikuwa kimekwisha kubonyeza.

"Imetoka. Inuka, mwanangu, jua kali."

Aliza hakuinuka.

"Aliza."

"Amesema nisubiri."

"Nani kasema?"

"Fundi picha." Sauti ilikuwa ya Aliza, lakini ilikuwa ya heshima mno, sauti ya msichana anayezungumza mbele ya wakubwa. "Amesema filamu hii imeungua. Anakwenda kuweka nyingine."

Ndipo ikasikika sauti ya moto. Ilianza chini ya mteremko, mlio wa majani makavu yanayopasuka, kisha ikapanda upande wa kushoto, ikazunguka nyuma ya ngazi, ikashuka upande wa kulia na kujiunga ilikoanzia, mpaka wote watatu wakawa katikati ya shamba linaloungua lisiloonekana, bila moshi, bila mwali, majani mabichi yamesimama kimya hayatikisiki, na joto limewabana usoni kiasi kwamba Semi, ambaye alikuwa ameacha mlango wa gari wazi ili aje kuwasaidia, alijikuta anapiga magoti na kuomba radhi kwa lugha yao kwa wenye ardhi ile, mmoja mmoja, waliopo na waliotangulia. Aliza peke yake hakutoka jasho. Aliketi akisubiri.

Walimbeba hadi garini. Mwili wake ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nazmin alijaribu kumvua mtandio, akashindwa, kana kwamba umeshonwa kichwani. Aliitupa fremu kiti cha mbele bila kuitazama. Ni Semi aliyeitazama, walipofika barabara kuu.

"Madamu," alisema taratibu sana. "Mama yako alikuwa na nywele fupi?"

Kwenye picha ya zamani, yenye rangi ya chai, msichana aliyeketi kwenye ngazi alikuwa na nywele zilizokatwa mpaka masikioni. Alikuwa Aliza. Macho yalikuwa yamefumbuka sana, na lile tabasamu halikuwapo tena.

Nazmin aligeuka kutazama kiti cha nyuma. Uso aliokutana nao aliujua vizuri. Alikuwa amekula mbele yake, amesoma mbele yake, ameolewa mbele yake. Ulikuwa umetundikwa sebuleni kwao maisha yake yote.

Maulana wa msikiti wa Tavua alikuwa ndiyo kwanza ametoka kusali Alasiri. Aliwapeleka kwenye chumba cha madrasa, akamlaza msichana mkekani, akaketi upande wa kichwani na kuanza kusoma. Alisoma Ayatul Kursiy, akasoma zile sura mbili za mwisho, akapuliza, akarudia. Miwa ilinuka chumba kizima. Aliza alisikiliza kwa utulivu, mikono ameiweka tumboni, na maulana aliponyamaza kuvuta pumzi, alisema:

"Umesoma vizuri, maulana. Lakini mimi sikuvunja mlango. Niliketishwa."

"Nani aliyekuketisha?"

"Wenyewe. Walininunulia mtandio, wakaniita mahali pangu. Ningekataaje? Mimi si mtovu wa adabu."

"Jina lako?"

"Waulize kwanza, picha ni ya nani."

"Ni ya mama yangu!" Nazmin alijibu. "Hafizan binti Tawahir!"

Yule aliyelala mkekani alicheka. Alicheka kwa muda, bila kelele, mabega tu ndiyo yakitikisika, kama msichana anayecheka msibani na kujificha ndani ya mtandio. Kisha akasema, "Jaibun binti Hasrat," akafumba macho.

Maulana alifunga msahafu. Alimwita Nazmin barazani.

"Jina hilo nilipokelewa nalo hapa, dada yangu. Wazee hulitaja kwa kunong'ona. Msichana wa Navakura aliyeingia kwenye moto wa miwa."

"Mtu akifa harudi, maulana. Wewe mwenyewe unafundisha hivyo."

"Na ndivyo ilivyo. Aliyekufa harudi. Lakini kila mtu ana karini wake, jini aliyezaliwa naye, na huyo hafi naye siku moja. Anabaki na yote aliyoyaona." Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Aliyeingia kwa nguvu naweza kumtoa. Huyu kaingia kwa kukaribishwa, na anadai haki ya mtu. Haki ya mtu mimi siwezi kuisamehe, wala wewe. Anasamehe mwenyewe, au damu yake. Amebaki mmoja tu. Mdogo wake, Kulsum, yuko huko huko Navakura, nyuma ya kilima. Wenzake walihama wote, yeye akakataa. Nenda kabla jua halijazama. Na uende kwa unyenyekevu, maana nimemwona yule mama akitoa salamu, lakini sijamwona akitoa zaidi ya hapo."

Nyumba ya Kulsum ilikuwa ya mabati, imezungukwa na mbuzi. Mwenyewe alikuwa mlangoni akichambua dengu kwenye ungo, mwanamke mkavu, mgongo umepinda, macho bado makali. Nazmin alimwacha Aliza garini na Semi. Alivua viatu mbali, akainama, akamgusa miguu.

"Mimi ni mjukuu wa Tawahir, mpiga picha. Mtoto wa Hafizan."

Vidole viliendelea kuchambua dengu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amefariki, bibi."

"Aliumwa?"

"Uzee."

"Uzee," Kulsum alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Mwenye lile shavu. Nilikuwa mtoto alipomwagikiwa na mafuta, tulikuwa tukicheza pamoja. Alilia wiki nzima."

"Yalimmwagikia baada ya kuolewa, bibi."

"Nani kakwambia hivyo?"

Kulsum aliweka ungo chini.

"Dada yangu aliposwa na mwalimu wa Nadi. Babu yako akaja kumpiga picha, hapo kwenye ngazi zetu. Mimi nilimshikia kioo. Baadaye akaja kutuambia filamu imeungua, hakikutoka kitu. Baba akamwamini, kwa nini asimwamini? Kumbe picha imekwenda Labasa, kisiwa cha pili, kwa baba yako, imesemwa ni ya Hafizan. Bibi harusi akaozeshwa amefunikwa. Alipofunuliwa, ndoa imekwisha pita."

"Bibi—"

"Wewe sikiliza, umekuja kusikiliza. Baba yako alikuwa mtu mzima mwenye akili, lakini ile sura ilimwingia. Akavuka bahari, akazunguka na picha mfukoni, anauliza sokoni. Mwisho akafika hapa. Akamtolea baba yangu picha ya binti yake kutoka mfuko wa shati. Mwanamume tusiyemjua! Baba akauliza, imefikaje kwako? Wakamwita Tawahir msikitini. Angesema kweli, binti yake angeachwa. Basi akashika msahafu, akaapa kwamba Jaibun mwenyewe ndiye aliyemwomba picha ile, ampelekee mwanamume. Baba yako akaondoka na picha yake mfukoni. Mwalimu wa Nadi akajitoa. Baba hakumpiga dada, hata. Aliacha tu kumtazama. Sote tuliambiwa tusimtazame. Siku ya kuchoma shamba lililokuwa hapo chini, dada alifunga mtandio vizuri, akashuka ngazi, akaingia. Watu walikuwapo. Hakuna aliyetazama."

Nazmin alikuwa ameinamisha kichwa hadi sakafuni. Akasema, "Nimekuletea picha yake." Akamkabidhi fremu, maana hakuwa na kitu kingine.

Kulsum aliisogeza kwenye mwanga. "Huyu simjui."

"Ni binti yangu. Picha imemchukua. Bibi, hana kosa, yeye hata lugha ya huku ameijua juu juu. Samehe. Neno moja tu. Nitasema hadharani yote aliyoyafanya babu, msikitini, Labasa, popote unapotaka. Samehe, bibi."

"Hatukuwa na picha yake hata moja," alisema Kulsum, si kwa Nazmin. "Kila mwaka kitu kimoja kilinitoka. Kwanza pua. Kisha sauti. Mwishowe nilikuwa nakumbuka msuko tu."

Mlango wa gari ulifungwa. Semi alikuwa akiita kwa sauti ya woga, "Dada, rudi! Dada mdogo, mama kasema usishuke!" Lakini msichana alikuwa akija katikati ya mbuzi, nao walimpisha bila kulia, na aliufuata uchochoro usioonekana uliokuwa umezibwa na majani tangu zamani, akapinda pale ulipopinda, akaruka pale palipokuwa na mfereji ambao haupo tena, na harufu ya miwa ilimtangulia ikajaza mlango mzima, na kadiri alivyokaribia ndivyo msuko ulivyoshuka chini ya mtandio, mweusi, mrefu, hadi ukafika kiunoni. Alisimama mbele ya yule mwanamke mzee. Akakigeuza kidevu kidogo.

Ungo ulipinduka. Kulsum alisimama, na mgongo uliokuwa umepinda ukanyooka kiasi ulivyoweza. Alimshika msichana uso kwa mikono miwili, akaupapasa nyusi, pua, pembe za mdomo.

"Nakutazama, dada," alisema. "Unaona? Nakutazama."

"Sema sasa, bibi," Nazmin alinong'ona. "Umekwisha mwona. Sema neno aondoke."

Kulsum aligeuza kichwa tu. Mikono hakuiondoa.

"Neno ninalo. Mama yako alizeeka, umesema. Alipata mvi, alipata wajukuu, akafa kitandani. Dada yangu sijamwona hata na unywele mmoja mweupe. Nitalisema nikishauona."

"Lakini mtoto wangu ana miaka ishirini! Na wewe... bibi, wewe huna umri wa kusubiri hivyo."

"Kweli sina."

"Ukifa je?"

"Nikifa sijalisema, litakuwa halijasemwa. Damu ya Hasrat iliyobaki ni mimi." Akatabasamu, na meno yaliyosalia yalikuwa safi. "Kwa hiyo niombee afya, mjukuu wa Tawahir."

Semi alisubiri mpaka giza likashika, akapiga honi mara moja, bila nguvu. Nazmin alitoka kumwambia aende. Hakumtazama machoni. Semi aliacha mzizi wake wa kava kizingitini, mzima, ambao alikuwa ameununua kwa ajili ya shemeji zake, na tangu hapo huja kila Jumamosi na unga, mchele na dawa za kifua. Haingii ndani. Huuliza, "Bibi anaendeleaje?" na Nazmin humjibu kwa urefu, kuhusu kikohozi, kuhusu usingizi, kuhusu vijiko vya supu, kama mtu anayezungumzia mtoto mchanga.

Maana hiyo ndiyo kazi yake sasa. Anamkanda Kulsum miguu. Anachemsha maji mara mbili. Upepo wa mlimani ukibadilika, ni yeye anayekimbia kufunga dirisha. Nyuma ya pazia dada wawili huongea, mmoja kwa sauti ya kizee, mwingine kwa sauti iliyojaa kicheko, na Nazmin husikiliza pumzi ya yule mzee tu, inavyopanda na kushuka, akihofia ile itakayopanda isishuke.

Juzi kikohozi kilimbana Kulsum wakati wa chakula cha mchana, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa sahani. Nazmin alifika na maji kabla mtu hajayaomba. Alimshika mgongo, akamnywesha, akamfuta midomo kwa kiganja, huku akirudia, "Pole, bibi, pole, kunywa polepole, usife, bibi, tafadhali."

Msichana aliacha kula. Alimtazama Nazmin kwa muda, kwa udadisi na huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwona mahali.

"Kulsum," aliuliza, "huyu mama anayekupenda hivi, ni nani kwetu?"